Mjadala: Je, semina za utangulizi wa sosholojia ziendeshwe kwa Kiswahili?

Ndugu wasomaji, mwenzangu mmoja tunayefundisha naye hapa Dodoma amepinga vikali pendekezo langu kwamba semina za utangulizi wa sosholojia, yaani taaluma ya kuchunguza jamii, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ziendeshwe kwa Kiswahili. Anasema taaluma hii ina lugha yake, nayo ni Kiingereza, na kwamba mwanafunzi atakayeizoea kwa Kiswahili atakwama atakapofungua vitabu. Naamini amekosea, ingawa si katika yote aliyoyasema.

Sosholojia haikuzaliwa katika Kiingereza. Auguste Comte aliyeipa jina, na Émile Durkheim aliyechapisha uchunguzi wake kuhusu kujiua mwaka 1897, waliandika kwa Kifaransa. Karl Marx na Max Weber waliandika zaidi kwa Kijerumani. Kijana wetu anayekariri fasili zao kwa Kiingereza anakariri tafsiri, na sijasikia mtu akimlaumu Mwingereza kwa kuwasoma wataalamu hao kwa lugha yake mwenyewe.

Lakini sababu yangu kubwa imetoka darasani. Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi, kwa Kiingereza, tofauti iliyopo kati ya kaya na familia. Nilisomewa fasili mbili kutoka kwenye madaftari, kisha kimya. Niliporudia swali kwa Kiswahili, binti mmoja wa Mpwapwa alieleza kwamba mdogo wake analelewa na bibi yao huko Kongwa ili awe karibu na shule. Mtoto huyo, akasema, ni wa familia yao, ila kaya yake ni ya bibi, kwa kuwa ndiko anakolala na kula. Mwenzake akauliza kaka aliyeko mjini, ambaye mvua zikikosekana ndiye anayetuma fedha za kununulia mahindi, ahesabiwe wapi. Kipindi kilikwisha tukiwa bado hapo, na wanafunzi walikuwa wamefika wenyewe kwenye uamuzi ambao mtafiti wa vijijini hulazimika kuufanya kabla ya kuandaa dodoso, ile orodha ya maswali ya utafiti: ni nani hasa anayehesabiwa kuwa anakula chungu kimoja na wenzake.

Nakiri kwamba istilahi ni tatizo la kweli, na hapa mwenzangu ana haki. Tunaposema kwamba ndoa ni taasisi ya kijamii, yaani utaratibu wa maisha uliojengwa na kufuatwa na jamii, mwanafunzi ambaye siku zote amelisikia neno taasisi likitajwa kwa mashirika yenye majengo na wakurugenzi haoni ndoa inaingiaje humo. Wapo wanaotumia neno asasi, ila nalo sasa huwakumbusha wengi asasi za kiraia. Tunalo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, tangu mwaka 1967, na kusanifisha istilahi ni sehemu ya kazi yake. Hata hivyo, sioni neno litakavyokomaa ikiwa sisi tunaofundisha hatulitumii mbele ya wanafunzi wanaoweza kulihoji.

Mihadhara na mitihani ibaki kwa Kiingereza kwa sasa. Ninachoomba ni ile saa moja ya semina kwa wiki.

Ninyi mliofundisha au kusoma somo hili, hasa katika vyuo vya Kanda ya Kati, mliieleza ndoa kwa neno gani, taasisi, asasi au jingine, na wanafunzi walilipokeaje?