Mlinzi wa stesheni si afande! Nani kawapa ruhusa ya kutukalisha stoo?

Wakuu, habari za muda huu.

Hili jambo nimekaa nalo siku nne nikijiambia litapita. Halijapita. Juzi nimeshtuka usingizini saa tisa usiku nikajikuta namjibu yule mlinzi kwa sauti, peke yangu gizani, na majibu mazuri kweli, yale yaliyogoma kuja siku yenyewe. Kwa hiyo naandika. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama. Kituo sikitaji, kampuni siitaji, nina sababu zangu.

Ilikuwa Jumatatu jioni, ile saa ambayo kila mtu anatoka kazini na geti la kutokea linapitisha watu mmoja mmoja kama sindano. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja, mtoto mgongoni, mfuko kila mkono. Akagusisha kadi, taa nyekundu. Akagusisha tena, nyekundu. Hizi kadi tunazijua, zina siku zake. Mama akageuka kutafuta wa kumsaidia, na wa kumsaidia akaja: kijana wa ulinzi, sare ya bluu iliyokolea, buti, kirungu kiunoni. Hakuuliza hata swali moja. Akamshika mama mkono juu ya kiwiko, akamvuta pembeni, mtoto akaamka akaanza kulia.

Nikatoa simu nikarekodi. Sikusema kitu, sikumsogelea. Sekunde ishirini hivi.

"Wewe, futa hiyo."

"Nifute nini, afande?"

Hilo neno lishikeni, nitalirudia.

Wakaongezeka wawili. Mmoja akanipokonya simu kama unavyompokonya mtoto kisu, mwingine akanishika ukosi wa shati. "Twende ofisini ukajieleze." Ofisi yenyewe ni stoo: ndoo, mafagio, mabango ya ratiba ya zamani, kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Nikakalishwa hapo. Mmoja akaegemea mlango. Haukufungwa kwa ufunguo, na hilo baadaye wakalisema mara tatu kana kwamba ndilo litakalowaokoa: "sisi hatukumfungia." Jamani, pande la mtu kama lile likiegemea mlango, ufunguo wa nini tena?

Begi langu likamwagwa mezani. Chaja, daftari, kontena la chakula, dawa. Kontena akalifungua, lilikuwa tupu, akalinusa. Mpaka leo sijui alitegemea kunusa nini. Dawa akazisoma jina kwa sauti, kwa kudonoa silabi, kisha akamwuliza mwenzake, "hizi ni za ugonjwa gani?" Mwenzake akacheka. Hapo ndipo machozi yalipokaribia, wakuu, na si kwa woga.

Kisha wakataka namba ya siri ya simu. Nikatoa. Nimcheke nani, nikatoa. Akaifuta ile video, halafu bila kuulizwa akaingia kwenye folda ya vilivyofutwa akaifuta na huko. Vidole vinaenda vyenyewe. Mtu hawi na wepesi ule kwa simu ya kwanza.

Niliomba waite polisi. Mara mbili. Hebu lifikirieni hilo: mkamatwa ndiye anayelilia polisi, mkamataji ndiye hataki kusikia habari zao.

Baada ya dakika hamsini akaingia msimamizi wao, mzee mpole, sauti ya chini, akasema kijana aachiwe, asaini tu hapa. Karatasi ilikuwa imechapwa tayari, imebaki nafasi ya jina: nimehojiwa kwa hiari yangu na sina malalamiko yoyote. Nikasaini. Ndiyo. Nilitaka kwenda nyumbani. Na hiyo saini ndiyo inayoniamsha saa tisa usiku.

Tangu siku hiyo nimesoma sheria kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote. Nilikuwa natafuta jambo moja tu: yule kijana aliyapata wapi yale mamlaka? Nilichokikuta ni kwamba mlinzi hana mamlaka ya kwake. Anaazima. Anaazima kwa mwenye eneo, anaazima kwa raia wa kawaida, na mara chache Bunge linamkopesha kidogo kwa masharti.

Cha mwenye eneo ndicho wanachokitumia kutwa nzima na ndicho wanachokielewa vibaya kuliko vyote. Mwenye stesheni anaweza kuweka masharti: onyesha begi au usipande, usivute sigara, usiuze bidhaa humu. Sina ugomvi na hilo, mabomu yapo na wezi wapo. Ila ukikataa sharti, kinachofuata ni kuambiwa utoke. Mwisho wake mlangoni. Mwenye nyumba anaweza kukufukuza sebuleni kwake, hawezi kukulazimisha ukae. Sasa mimi nilikuwa NATOKA, wakuu! Nilikuwa hatua mbili kutoka getini. Haki ya kunitoa nje wameigeuza kuwa haki ya kunizuia ndani, na hakuna hata mmoja mle ndani aliyeona ajabu.

Cha raia wa kawaida kipo karibu kila nchi, na ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kenya kipo kwenye sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, kifungu cha 34: raia anaweza kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa la aina ambayo polisi hukamata bila hati, au anayemshuku kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa kubwa la jinai. Sawa. Geuza ukurasa, kifungu cha 35: aliyekamata amkabidhi mtu huyo kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Kukabidhi. Hakijasema umkalishe, umhoji, unuse kontena lake, kisha umsainishe. Uingereza wameibana zaidi, sheria yao ya polisi na ushahidi ya 1984 inataka kosa liwe la uzito fulani, pawe na sababu kama kuzuia mtu asiumizwe au asitoroke, na isiwezekane kumsubiri polisi. Ujerumani, kifungu cha 127 cha sheria yao ya mwenendo wa jinai kinasema mtu afumaniwe papo hapo, na awe anashukiwa kutoroka au hajulikani ni nani. Walinzi wa kampuni ya reli kule, pamoja na sare na buti zao, mbele ya kifungu hicho wako sawasawa na muuza magazeti wa pale stesheni. Wenye mamlaka ya polisi kwenye reli ni polisi wa shirikisho, na ndio wanaoitwa.

Mimi nilitenda kosa gani mbele ya macho yao? Kurekodi mtu aliyevaa sare mahali wanapopita maelfu ya watu?

Kuna mjuaji atakuja kusema walinzi wa treni wana sheria zao maalumu. Kweli, kwingine wanazo, nami nimezisoma kwa ajili yako. Uingereza bado wanatumia sheria ya reli ya mwaka 1889, ya enzi za treni za makaa, na inampa mfanyakazi wa reli uwezo wa kumshikilia abiria. Lakini soma sharti lake: abiria ameshindwa kuonyesha tiketi na kulipa nauli, NA ameombwa jina na anwani akakataa. Maana yake yule mama mwenye kadi mbovu, hata kwa sheria hiyo kongwe, angeulizwa jina kwanza kabla mtu hajamgusa kiwiko. Ufaransa wana walinzi wa reli ambao wengine wanabeba hadi bastola, si mchezo. Sheria ya 2016 iliyowaongezea nguvu ikasema kumpapasa mtu mwilini ili kumpekua ni mpaka aridhie, na anayempapasa awe wa jinsia yake. Wenye bastola wanaomba ruhusa. Wetu wa kirungu anamwaga begi.

Kuhusu simu ndiyo kabisa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wote tisa kwa sauti moja, kwamba hata polisi kamili aliyemkamata mtu kihalali hawezi kupekua simu yake bila hati ya mahakama, ukiacha dharura. Na polisi wa London katika mwongozo wao kuhusu upigaji picha wameandika wenyewe kwamba hawana mamlaka ya kufuta picha za mtu. Polisi hana. Mlinzi wa geti kayatoa wapi?

Turudi kwenye "afande". Hilo neno nililisema mimi, kwa mdomo wangu, bila kulazimishwa. Sote tunalisema. Tunamwona mtu kavaa kofia na mkanda, tunamwita afande ili asitusumbue, naye akiitwa mara mia kwa siku anaanza kuamini. Na kampuni zinalijua hilo, ndiyo maana sare zinashonwa zifanane na za polisi kadiri fundi anavyoweza kunakili bila kushtakiwa. Mnamkumbuka yule daktari wa miaka 69 aliyeburutwa ndani ya ndege Chicago Aprili 2017, akavunjwa pua na kung'olewa meno mawili kwa sababu hakutaka kuachia kiti alichokilipia? Waliomburuta walikuwa maofisa usalama wa uwanja wa ndege, hawakuruhusiwa hata kubeba bunduki. Lakini koti lilikuwa na neno POLICE, na baadaye wakubwa wao wakasema waliambiwa miezi kadhaa nyuma waliondoe. Neno tu mgongoni. Wangapi mle ndani ya ndege wangesimama kusema kitu kama lingeandikwa MLINZI?

Nimeandika barua kwa kampuni ya ulinzi na nakala kwa wenye treni. Nimetaka nakala ya ile karatasi niliyosaini, jina la aliyefuta video, na nijulishwe kosa nililoshikiliwa nalo. Hilo la mwisho si anasa. Katiba ya Kenya, ibara ya 49, inasema aliyekamatwa aelezwe mapema sababu ya kukamatwa, tena kwa lugha anayoielewa. Mimi niliambiwa "utaielewa tu."

Majibu yamekuja jana. Mstari mmoja: malalamiko yako yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Jina langu wamelikosea.

NYONGEZA, saa mbili usiku:

Nimesoma michango yenu yote. Mnaosema "ungefuta tu yaishe", hebu mwambieni hivyo yule mama, yeye alikuwa na nini cha kufuta? Sijui hata aliishia wapi. Nilipotoka stoo hakuwepo.

Mnaosema wasafiri wakorofi wapo, wanaruka mageti, wanawapiga walinzi: wapo, nimewaona, na mlinzi akipigwa ana haki ya kujikinga kama mimi na wewe. Sijabisha popote. Ila kadi kukataa kusomeka si kupigwa.

Na kuna ndugu mmoja ameniandikia kwa faragha, mwenyewe ni mlinzi kwenye vituo, kwingine kabisa. Kasema siku ya kwanza kazini alipewa sare, kirungu na neno moja: "usiwaachie." Hakuna aliyemwambia anaruhusiwa kushika nini na kwa muda gani. Akikosea, kampuni inasema alifanya kwa utashi wake. Akimwachia aliyekwepa nauli, anakatwa mshahara. Nimekaa na ujumbe wake muda mrefu. Hasira yangu kwa yule kijana haijaisha, asome tena dawa zangu kwa sauti aone, lakini sasa imepata ghorofa ya pili, na ghorofani wamekaa watu wa tai waliochapa ile karatasi. Kuchapa fomu ya "sina malalamiko" kabla hujamjua wa kuisaini, hiyo si bahati mbaya ya kijana mmoja.

Mwanasheria aliyechangia pale juu, asante sana. Umesema saini niliyoitoa nikiwa nimezuiwa haina uzito wanaoudhani, na nikaombe picha za kamera ya getini mapema kwa sababu huwa zinafutika. Kesho asubuhi nakwenda. Swali langu kwako na kwa yeyote aliyewahi kupitia hili: ombi la picha za kamera niliandike kwa wenye treni au kwa kampuni ya ulinzi? Na stoo kule ndani sikuona kamera, je, muda wa kuingia na kutoka mlangoni unatosha kuonyesha zile dakika hamsini?