Re: Mama anakuja mwezi wa sita, nimzungushe vipi London?

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Viza ya mama imetoka jamani, Alhamdulillah, anaingia mwezi wa sita na atakaa wiki tano. Mi nipo mji wa Reading na yeye London anaisikia toka yuko mtoto kwahiyo lazima nimpeleke. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua kidogo na anakunywa dawa za presha. Likizo sijapata, nina wikiendi tu. Aliyewahi kutembeza mzazi naomba anisaidie alifanyaje.

---

Dada hongera sana kwa viza, najua mpaka itoke mtu halali. Mi pia nipo huku huku Reading, mama alikuja mwaka jana mwezi huo huo wa sita, na wikiendi ya kwanza nilikosea vibaya so ngoja nikueleze usirudie.

Jumamosi ya kwanza nilitaka aone vyote, Big Ben, nyumba ya mfalme, Trafalgar Square, British Museum, vyote siku moja manake nilikuwa na hamu mwenyewe. Kila nikimuuliza mama umechoka, ananijibu sijambo mwanangu, twende tu. Basi nikaamini. Usiku naenda kunywa maji namkuta kakaa kitandani gizani anajisugua miguu, imevimba mpaka alama za soksi zimebaki, na taa hajawasha ili nisijue. Nililia dada. Mzazi wa kwetu hawezi kukwambia amechoka, anaona umelipa nauli, umeacha kupumzika siku yako, anaona aibu kukuharibia. Kwahiyo usimuulize kabisa. Mwambie "mama mimi nimechoka, tukae hapa kidogo", hapo atakaa na atakuhurumia na kukushika mgongo. Toka nijue hiyo mambo yakawa mengine.

Sasa usafiri. Kutoka Reading una treni za aina mbili na kwa mtu wa dawa za presha tofauti yake ni kubwa. Elizabeth line inasimama simama, karibu saa nzima mpaka stesheni ya Paddington London, na mle ndani hamna choo hata kimoja. Ile ya haraka ya kampuni ya GWR ni kama dakika 25 hivi na choo kipo. Dawa ya mama ilikuwa ile inayokojoza, na mi asubuhi ile sikufikiria kabisa habari ya choo, ikabidi tushuke njiani mbio mbio na goti lake lile. Sikutaka apate taabu ile tena. Kwenda tukawa tunapanda ya haraka, na Paddington vyoo ni bure. Elizabeth line nzuri yake ni ukishakuwa London kwenyewe, stesheni za katikati zina lifti na treni iko sawa na jukwaa, haruki pengo. Zile za zamani za chini ya ardhi angalia ramani ya TfL (wale wa usafiri wa London) kwanza, nyingi bado ni ngazi tupu. Eskaleta mama aliogopa sana, mkipanda juu wewe simama ngazi ya nyuma yake umshike, mkishuka simama mbele yake, na mkae upande wa kulia wenye haraka wapite kushoto.

Halafu kadi. Oyster, ile kadi ya nauli ya London, huku Reading haifanyi kazi, unagusisha kadi ya benki, na kadi moja ni ya mtu mmoja, huwezi kugusa mara mbili upite wewe na mama. Mi nilikuwa na kadi ya benki nyingine nikampa yake akae nayo siku zote, akawa anagusa mwenyewe, geti likifunguka anageuka kuniangalia. Na usimtajie bei, atazidisha kwa shilingi hapo hapo na hamtaenda popote.

Tulichokuja kufanya ni sehemu moja kwa siku, basi. British Museum tulirudi upya, kuingia ni bure, na wana viti vya magurudumu vya kuazima bila kulipa. Mama alikataa, "mimi si mgonjwa". Nikasema sawa tuweke mabegi yetu humo. Akawa anakisukuma anakiegemea, baada ya nusu saa kakaa mwenyewe. Kuna jiwe mle la Olduvai, limechongwa kukatia, umri wake karibu miaka milioni 1.8, ni kati ya vitu vya zamani kabisa walivyonavyo. Alipojua ni la kwetu Tanzania hatukuondoka pale. Makaburi ya Wamisri tulipita tu. Jiwe lile alilihadithia kwa simu kwa kila mtu.

Jumapili nyingine tulipanda boti Westminster mpaka Greenwich na hiyo ndo siku naikumbuka kuliko zote. Unakaa, mji unapita mbele yako, Big Ben, kanisa la St Paul's, daraja la Tower Bridge, mama hajapiga hatua. Kule Greenwich kuna kilima kwenda Royal Observatory, jengo la zamani la kuangalia nyota, kikali, tulikipanda taratibu tunakaa kwenye mabenchi. Juu kuna ule mstari wa longitudo sifuri. Mama kaweka mguu huku na huku, akaniuliza kwahiyo saa za dunia nzima zinahesabiwa kuanzia hapa nilipokanyaga? Nikamwambia ndio, kwetu tupo mbele masaa matatu, ila kiangazi wao wanasogeza saa zao ndo maana tunapishana mawili. Alikaa kimya kidogo akasema, basi babu yako angeipenda hii. Babu alikuwa fundi saa.

Kama miguu inamuuma kabisa siku hiyo panda basi namba 15 pale Trafalgar Square, linapita St Paul's mpaka Tower Hill, akae chini karibu na dirisha asihangaike na ngazi za juu.

---

Asanteni sana kaka, nimesoma huku machozi yananitoka. Na akiumwa je? Na swala anaswali wapi tukiwa mjini?

---

Dada, bima ya safari kata kabla hajapanda ndege na presha yake uitaje, usiifiche, watakataa kulipa. Huku Uingereza kuonwa na GP (daktari wa mtaani) na huduma ya A&E (idara ya dharura) hawamtozi, ila akilazwa hospitali mgeni anatozwa asilimia 150 ya gharama ya NHS (huduma ya afya ya serikali). Dawa za wiki zote tano aje nazo kwenye begi la mkononi na karatasi ya daktari, na amuulize daktari wake huko huko azinywe kwa saa ipi akifika, mama alikuwa anafuata saa ya nyumbani anaamka usiku wa manane.

Swala, sisi adhuhuri tulikuwa tunaipangia msikiti mkubwa wa Regent's Park, tunapumzika na humo humo. Ila mwezi wa sita jua linazama saa tatu na ushee usiku, magharibi inachelewa sana, mwandae mapema. Mama jioni ya kwanza alikuwa anachungulia dirishani kila mara, "saa tatu usiku na mchana haujaisha".

Nina kigoda cha kukunja, kinaingia kwenye begi, mama ndo alikuwa anakikalia kwenye foleni. Nitakuletea wiki hii kabla hajafika.