Tupeane uzoefu: silaha gani ilikubeba kwenye Skyrim?

Wakuu, salaam. Gemu hili la kupigana kwa panga, pinde na uchawi lilitoka Novemba 11, 2011 na mpaka leo kuna watu wanalianza upya. Mdogo wangu kaanza wiki iliyopita, na kila jioni ni swali lile lile: "Kaka, nishike silaha gani?" Nimeona nilete kwa wadau.

Naanza mimi. Mara ya kwanza nilitaka kila kitu: upanga mkono huu, moto mkono ule, upinde mgongoni. Katikati nikanogewa na uhunzi. Nikajichimbia mji wa Whiterun nafua majambia ya chuma, moja baada ya jingine, levo inapanda, nafurahi. Kumbe levo inapanda kwa ujuzi wowote unaokua, hata wa kufua, na maadui wengi wanapanda pamoja na wewe. Kutoka nje, majambazi wameiva, mimi ujuzi wa upanga bado mchanga. Kila pango nilichakazwa.

Nikaanza upya na upanga na ngao tu, pointi zote za kupanda levo nikazimwaga huko. Kuna jambazi mmoja aliinua shoka ashushe pigo zito, nikamgonga na ngao usoni kabla halijashuka. Akayumba, pigo likafia hewani, nikamaliza kazi. Tangu siku hiyo ngao siiachi. Wanaoshika panga mbili wanaua haraka, sibishi, ila hawawezi kukinga, na hilo linauma sana ukizungukwa.

MzeeWaKunyata: Upinde, kisha jambia. Mshale wa kuvizia unapiga mara 2 ya kawaida, na ukifikisha ujuzi wa kunyata 40 unaweza kutumia pointi kufungua uwezo unaofanya mara 3. Nikadhani nimefika. Nilipofika 50 nikafungua ule wa jambia: pigo la kuvizia mara 15! Ukivaa na glavu za wale wauaji wa siri, Dark Brotherhood, inakuwa mara 30. Kisu chepesi ambacho ungekidharau dukani kinamlaza mtu mwenye vazi zima la chuma. Lakini nisidanganye: ukishaonwa, jambia ni jambia tu. Usikae, rudi gizani, subiri watulie. Halafu Falmer, wale viumbe wa mapangoni, ni vipofu ila masikio yao ni makali, kwa hiyo usijiamini kwa sababu ya giza peke yake.

Nyundo_Nzito: Mimi subira sina, kunyata kunanichosha. Nyundo ya vita. Ile ya chuma ya kawaida tu ina pigo 18, wakati upanga mkubwa wa chuma hiyo hiyo una 15. Tatizo ni uzito: ukikosa, adui anakupiga mawili kabla hujainua tena, na mapigo mazito yanamaliza pumzi. Nilichojifunza ni kurudi hatua moja, aukose upanga wake, ndipo nashusha. Ila beba upinde hata kama huupendi. Joka la kwanza pale mnarani, nje ya Whiterun, lilizunguka juu yangu huku nimeshika nyundo kama mpagazi.

BintiMoto: Hakuna aliyemtaja troli wa barafu, lile dubwana la milimani? Unapanda zile ngazi 7,000 kwenda High Hrothgar, ile nyumba ya watawa juu mlimani, theluji imeziba macho, ghafla huyo hapo, mweupe, mikono mirefu. Nilikuwa na upanga. Namkata, kidonda kinajifunga, namkata tena, kinajifunga. Nikafa mara sita, nikazima, nikalala. Asubuhi nikakumbuka ule moto wa mkononi ambao kila mchezaji anaanza nao. Troli wanaogopa moto kuliko chochote! Nikapanda juu ya jiwe asilolifikia, nikamchoma mpaka akaanguka. Kuanzia hapo nikawa mchawi moja kwa moja. Moto kwa troli, radi kwa wachawi maana inawakausha nguvu zao za uchawi, barafu kwa wenye silaha kubwa maana inakula pumzi. Mwenye nyundo hapo juu, wewe ndiye ningekupiga barafu.

Mleta mada: @BintiMoto asante sana, dogo yuko kwenye ngazi hizo hizo sasa hivi na upinde wake, ameshakufa mara nne. Nimemsomea ulichoandika, anatafuta jiwe.