Mwandishi, "unataka" haikuwa ruhusa! Acheni kuwaandika hivi watu wenye usonji

Wakuu, mimi humu ni msomaji tu, lakini leo nimeshindwa kunyamaza.

Kuna riwaya ya mapenzi inauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp, unatuma hela kwa simu unaletewa sehemu mbili mbili kila jioni. Jina silitaji, wanaoifuata wanaijua: binti mwenye usonji (autism) anayekaa Mikocheni kwa shangazi yake, na kijana tajiri aliyempenda kwa sababu "hana makuu, ni kama malaika". Nilikuwa naisoma na mdogo wangu. Ana miaka 23, naye ana usonji. Alifurahi mno kumkuta binti anayeziba masikio kwa ajili ya honi, kama yeye tukipita Kariakoo.

Ikaja sehemu ya 31. Kijana anafunga mlango wa chumba kwa ufunguo, anamuuliza, "Unataka?" Binti anajibu, "Unataka." Kijana anatabasamu, eti ruhusa ameshaipata.

Ruhusa gani? Rudini msome tena. Mtu anayetaka, ukimuuliza "unataka?", anasema "nataka". Huyu binti amelirudisha neno kama lilivyomfikia, hata "u" hakuigeuza. Ukiishi na mtu mwenye usonji unalijua hili. Mdogo wangu utotoni ukimuuliza "unakula?" alikuwa anakwambia "unakula", huku sahani anaisukuma. Daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, na huko kurudia maneno, pamoja na kuchanganya "mimi" na "wewe", kumo humo. Mrudio huo unaweza kuwa ndiyo, unaweza kuwa hapana, unaweza kuwa woga, au mtu anajipa muda aelewe swali. Kwa hiyo anayekupenda anasubiri, anauliza kwa njia nyingine. Steringi wenu hakusubiri hata pumzi moja. Mistari mitatu mbele binti "aliganda kama gogo, macho ukutani", na hilo nalo limepambwa kuwa ni haya za mwanamwali!

Hapo ndipo damu iliponichemka. Tumekua tunasikia kunyamaza ni kukubali. Mwali anaulizwa kuhusu mposaji, akiinama kimya vigelegele vinapigwa. Hata huko kwenye ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, sembuse chumba kilichofungwa ufunguo? Kuganda nakujua. Konda alimshika mdogo wangu mkono ghafla pale Mbagala Rangi Tatu, anamvutia kwenye daladala. Mwili ukagoma, sauti haikutoka, na siku ile nzima hakusema neno. Nani hapo atasema alikubali?

Msinielewe vibaya, sisemi wenye usonji wasiandikiwe mapenzi. Mdogo wangu ni mtu mzima, anataka kupendwa, na yuko anayemuwaza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ibara ya 23 inatambua haki yao ya kuoa na kuolewa kwa ridhaa yao wenyewe. Sasa wewe unamfanya binti mtoto asiyejua lolote kwa sehemu 30, ya 31 unampeleka kitandani. Kama ni mtu mzima, mpe hamu yake, mpe kukataa, na akikataa asikilizwe. Mdogo wangu akitaka kukumbatiwa anakuja mwenyewe anakugeuzia mgongo. Asipotaka anasema "baadaye", na baadaye yake inaweza kuwa kesho kutwa. Andika kijana anayeijua hiyo baadaye na anayeingoja, uone kama hatutalipia.

Nilimwandikia mwandishi. Akanijibu, "Dada, hii ni hadithi tu, ukichoka acha."

Mdogo wangu hajaacha. Sehemu ile ameisoma mara nne, kisha akaniuliza, "Kwa nini hakumngoja ajibu?" Nimekosa la kumwambia. Mwandishi, najua unapita humu. Mjibu wewe.