Tumepunguza nyama nyumbani ila maharage yanamaliza mkaa, wenzangu mnafanyaje?

Mama Naima

Habari zenu wadau, natumaini wote wazima. Naombeni mawazo hasa nyie mnaoishi hapa Dar na mna familia. Niko Tabata, tunaishi na mama mkwe, watoto na dada wa kazi. Binti yetu mkubwa yuko sekondari, yuko kwenye klabu ya mazingira, yeye ndo alianza kutuletea habari za ng'ombe anavyocheua anatoa gesi ya methane na hiyo gesi ukiipima uzito kwa uzito inapasha dunia joto mara 28 hivi kuliko hewa ya ukaa kwa hesabu ya miaka 100, baba yake akapendezwa akaanza kusoma mwenyewe, mwisho tukakubaliana nyama iwe Ijumaa na Jumapili tu, siku zingine ni maharage, choroko, mbaazi, mboga za majani, dagaa na samaki.

Mambo mengi yameenda vizuri jamani nisiwadanganye. Sokoni tunaenda na vikapu, maana ile mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini hii mbadala nayo ilikuwa inajaa tu jikoni. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanamwagiwa mchicha na matembele tuliyopanda kwenye ndoo zilizopasuka, na hela ya nyama tunaiona inabaki.

Sasa kinachonitatiza. Maharage kwenye gesi yanakula mtungi, dada akiona hivyo anaionea gesi huruma anawasha mkaa. Juzi chungu kimekaa jikoni tangu saa nne asubuhi, tumekula saa nane kasoro. Mkaa umeongezwa na kuongezwa, nikawa najiuliza kama nimepunguza ng'ombe halafu nimekata mti faida yake nini? Na mama mkwe kila siku ananiambia hawa watoto watakosa damu, mdogo ana miaka mitatu, na mimi sina jibu la kumpa linalomtosha. Nisaidieni.

Mzee wa Chanika

Mama Naima swali lako ni zito kuliko unavyodhani, na mimi nakupongeza kwa kuliona maana wengi wanaangalia kilichomo ndani ya sufuria tu, kinachowaka chini hawakiangalii.

Mimi nimekulia upande huu wa Pugu na Chanika. Hii misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni ya hifadhi, ni misitu ya zamani sana, ina miti na ndege ambao huwapati sehemu nyingi duniani, na imeliwa vibaya na mkaa wa Dar es Salaam. Siku hizi mkaa wenu unatoka mbali zaidi, Handeni, Kilosa, Rufiji huko, kwa sababu wa karibu umeisha. Halafu watu hawajui tanuri la udongo linavyopoteza: kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo 5 mpaka 10 za kuni, yaani sehemu kubwa ya mti inakwenda moshi hukohuko porini kabla gunia halijafungwa. Kwahiyo binti yako yuko sahihi kuhusu ng'ombe, na wewe uko sahihi kuhusu mkaa, hayo mawili yaende pamoja.

La kuanza nalo halina gharama, loweka. Usiku kabla ya kulala maharage yachaguliwe mawe, yaoshwe, yalowekwe maji mengi, asubuhi yale maji mwageni muweke mengine. Yanaiva muda mfupi zaidi na hayajazi tumbo gesi. Na chumvi pamoja na nyanya zisubiri maharage yaive kwanza, nyanya ina uchachu unaochelewesha kuiva.

Fundi Kimara

Naongezea kwa mzee hapo juu. Dada tafuta lile jiko la umeme la presha, achana na hofu ya luku. Watu wengi wanasikia umeme wanaona hela inakimbia, kumbe hilo jiko likishapanda presha linajizima na kujiwasha lenyewe, kava yake inatunza joto, maharage yaliyolowekwa nusu saa hivi yameiva na umeme uliotumika haufiki yuniti moja. Linganisha na huo mkaa wa kutwa nzima alafu uniambie.

Mambo ya kumfundisha dada kabla hajaliogopa: maharage na choroko yasizidi nusu ya sufuria maana yanatoa povu, povu likiziba kile kitundu cha mvuke ndo matatizo yanaanza. Kitundu kioshwe kila baada ya kupika. Mvuke ukiwa haujaisha mfuniko usilazimishwe hata kama mgeni yuko mlangoni. Na umeme ukikatika katikati, msifungue, liacheni hivohivo, lile joto lililobaki linaendelea kuivisha, mara nyingi ukirudi unakuta tayari.

Na serikali yenyewe imeweka lengo kwamba ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaambiwa ziache kuni na mkaa, ila majumbani tusisubiri kuambiwa. Umeme wetu mwingi ni wa maji na gesi asilia, na bwawa la Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115, sio mchezo.

Mchunga Ng'ombe

Samahani mimi naomba kutofautiana kidogo. Mimi natoka Shinyanga, kwetu ng'ombe ndo ada ya shule, ndo mahari, ndo benki. Mtanzania wa kawaida anakula nyama kidogo sana, mmarekani mmoja anapitisha kilo 100 kwa mwaka, halafu sisi ndo tuambiwe tupunguze? Ng'ombe wetu wanakula majani ya Mungu, hawalishwi soya iliyolimwa kwenye msitu uliokatwa. Naona tunabebeshwa mzigo wa wengine.

Mama Naima

Kaka yangu Mchunga Ng'ombe nakuelewa kabisa na wala simsemi mfugaji. Nasema kuhusu meza yangu mimi ya Tabata ambapo nyama ilikuwa kila siku mchana na usiku, na wikiendi choma juu yake. Bibi yangu kijijini alikula nyama kwenye sikukuu na alipopata mgeni, yeye simwambii apunguze kitu.

Mchunga Ng'ombe

Hapo sawa dada, kwa mtu wa mjini anayekula kila siku sina ubishi. Na niwe mkweli, baba yangu mwenyewe anasema bora ng'ombe wachache walioshiba kuliko kundi kubwa la mifupa, maana ng'ombe aliyekondeana anakaa miaka mingi ndo afike uzito wa kuuza, na miaka yote hiyo anacheua hiyo methane mnayoisema.

Nesi wa Temeke

Mama Naima nimelisoma hilo la mama mkwe na naomba umsikilize, hajakosea, hoja yake ina msingi. Mtoto wa miaka mitatu tumbo lake ni dogo, hawezi kula bakuli la maharage kama baba yake akapata chuma cha kumtosha. Na vitamini B12 kwenye maharage na mboga za majani haipo, inatoka kwenye vitu vya wanyama. Lakini sio lazima iwe nyama ya ng'ombe kila siku! Dagaa ndo rafiki yako hapo. Dagaa analiwa mzima na mifupa, kwahiyo chuma, kalsiamu na B12 vyote vimo. Wachambue, waoshe mchanga kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa, wakaange kavu kidogo, kisha waponde wawe unga, mtilie mdogo kijiko kwenye uji au kwenye mchuzi. Yai nalo liwepo.

Jambo lingine ambalo naliona kila siku kliniki, watu wanakula maharage na mchicha halafu hapohapo chai ya rangi. Majani ya chai yanazuia chuma kuingia mwilini, hiyo chai isogezwe mbele saa moja au zaidi. Badala yake mkamulie ndimu kwenye mboga, au wape chungwa, embe, pera baada ya kula, vitamini C inasaidia chuma cha kwenye mimea kiingie. Na kama mtoto anaonekana mweupe viganjani au anachokachoka, mpeleke apimwe damu, usikae unabishana na mama mkwe nyumbani. Ukirudi na majibu mkononi mtaongea vizuri.

Binti Lindi

Shoga yangu mimi sina elimu ya mazingira ila mbaazi nazijua, kwetu ndo zinalimwa. Mwaka 2017 India walivyowekea ukomo mbaazi zinazoingia kwao bei huku kwetu ikaporomoka, wazazi wetu walilia, kwahiyo nyie wa Dar mkila mbaazi mnanifurahisha roho.

Watu wanazichemsha kwa chumvi wanasema hazina ladha. Zilowekwe usiku, ziive mpaka ukibonyeza kwa vidole inapondeka bila kubisha. Kuna nazi yako umeshaikuna kwenye mbuzi, tui la kwanza zito weka pembeni, la pili jepesi mwagia mbaazi pamoja na kitunguu, kitunguu saumu, bizari na pilipili mbuzi nzima isipasuke, zichemke taratibu mpaka zile zilizopondeka zianze kufanya rojo. Hapo ndo unatia tui la kwanza, unakoroga bila kuacha lisikatike, likitoa mapovu mara ya kwanza unaepua. Kula na chapati au wali. Mume akiuliza nyama iko wapi uje uniambie.

Kisamvu nacho cha nazi na karanga, ila kichemshwe sana na mfuniko uwe wazi maana kina sumu yake, kikiiva hakina neno.

Mama Naima

Asanteni mno, mmenifumbua macho. Nimemsomea mama mkwe maneno ya nesi, amefurahi kusikia yuko sahihi, na yeye mwenyewe amesema atachambua hao dagaa. Jumatatu nampeleka mdogo akapimwe damu. Jiko la presha dada yangu wa Segerea ana moja amelitupa stoo anasema mpira wa mfuniko umelegea linavujisha mvuke, Fundi Kimara huo mpira unauzwa peke yake?

Fundi Kimara

Unauzwa, zunguka Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya umeme vya jikoni. Nenda na ule wa zamani mkononi wapime upana, na wajue jiko ni la lita ngapi, maana ukichukua wa lita 5 ukaweka kwenye la lita 6 litavuja vilevile.