Taa za ndani za gari-nyumba la zamani zinafifia: LED, betri, konvata, au nyaya mpya?

Msafiri Mpole
Wakuu, nina gari-nyumba la siku nyingi. Taa za jikoni zinawaka vizuri, ila za kitandani kule nyuma zimefifia, na pampu ya maji ikianza kuvuta zinapepesa. Kila ninayemuuliza ana dawa yake: tia LED, badili betri, badili konvata (kile kifaa kinachogeuza umeme wa nje kuwa wa volti 12 na kuchaji betri), vuta nyaya upya gari zima. Sitaki kununua kwa kubahatisha. Nianzie wapi?

Mama Volti
Mimi nasema LED. Balbu ya zamani ya wati 18 inakula kama ampea 1.5, na LED ya mwanga huohuo haifiki hata 0.3. Ukilala mbali na umeme wa nje, utaona tofauti usiku wa kwanza. Nunua zinazovumilia volti 10 hadi 30, maana konvata za zamani hutoa umeme usiotulia na LED za bei ya chini huungua mapema. Na isipowaka, igeuze kwanza kabla ya kuitupa; baadhi zinachagua chanya na hasi.

Jirani wa Fyuzi
Dada, LED ni nzuri, lakini hapa zitaficha ugonjwa. Zinavuta ampea chache, kwa hiyo hata waya ulioshika vibaya utaziwasha. Pampu itabaki dhaifu na kiungo kibovu kitaendelea kupata moto kila pampu inapovuta.

Mkuu, chukua mita ya kupimia volti. Chomoa umeme wa nje, zima kila kitu, acha betri itulie saa kadhaa, kisha pima kwenye vichwa vyake. Betri ya asidi iliyojaa husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Washa taa na pampu, pima tena palepale. Ikiporomoka, betri imechoka. Isipoporomoka, iache. Halafu chomeka umeme wa nje: konvata nzima huipandisha betri hadi 13 na ushee. Isipopanda, kagua kwanza fyuzi za konvata. Usifungue boksi lake kabla ya kuchomoa umeme wa nje, ule unaua.

Fundi wa Zamu
Kwa dalili hizo, jikoni sawa na nyuma hafifu, mimi nashuku eathi, yaani njia ya hasi inayorudisha umeme kwenye betri, kabla ya kingine chochote. Kipimo ni hiki: washa taa za kitandani na pampu, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa hasi pale kwenye taa. Kama waya haufiki, ongeza kipande kirefu. Ukiona zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani. Hesabu yake ni nyepesi: kiungo chenye kutu cha ukinzani wa omu 0.3, kikipitisha ampea 5, kimekula volti 1.5. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, na uguse swichi. Ikiwa ya moto, imekwisha.

Bibi Barabara
Kuvuta nyaya upya ni kazi ya mwisho. Ningeifanya kama ganda la waya linapasuka ukilikunja, au panya wamepita, au mwenye gari wa zamani aliungaunga kwa kusokota na utepe wa plastiki. Hata hapo, anza na mkondo mmoja mbovu.

Msafiri Mpole
Nimepima. Betri 12.6, na ikibebeshwa mzigo haishuki sana. Konvata inatoa 13.6. Upande wa hasi wa taa za kitandani: volti 1.7! Nimefuata waya hadi kwenye skrubu moja chini ya kabati la kitanda, imeota kutu ya kijani na inazunguka kwa vidole. Nimesugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikabadili kikonyo cha waya (kile kipande cha chuma mwishoni mwake kinachoshikwa na skrubu) na kukaza. Sasa inasoma 0.1, na pampu imepata nguvu. LED nitanunua, ila kwa ajili ya kubana matumizi ya betri.

Fundi wa Zamu
Safi sana. Pakaza grisi juu ya kiungo baada ya kukaza, unyevu usirudi. Na ukiwa bado na tochi mkononi, kagua fyuzi za mkondo huo: ukikuta ya ampea 30 palipoandikwa 15, rudisha ya 15. Fyuzi inalinda waya, na waya ule umepita ndani ya ukuta wa mbao.