Kiarabu chenyewe au Historia na Dini za Waarabu: nichukue ipi?

Kalamu_Mbili
Wakuu, habari za saa hizi. Nimepata nafasi mbili chuo kimoja na mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa. Ya kwanza ni shahada ya Lugha ya Kiarabu, lugha na fasihi mwanzo mwisho. Ya pili ni Historia, Dini na Utamaduni wa Nchi za Kiarabu, ambako lugha ni mihula miwili tu, mengine yote mnasoma tafsiri. Kiarabu kusoma najua. Nichukue ipi? Msinizungushe tafadhali.

Mzee_wa_Kamusi
Unajua kusoma au unajua kutamka? Gazeti la Kiarabu haliwekwi harakati, zile alama za irabu juu na chini ya herufi. Ukikuta herufi tatu, k-t-b, kavu kabisa, hiyo ni kataba (aliandika), kutiba (kiliandikwa) au kutub (vitabu)? Kama unasubiri fatha na dhamma zikushike mkono, bado. Halafu hujasema unataka kufanya kazi gani.

Bintimwalimu
Wala ada analipa nani. Watu mnaleta nusu ya habari mnataka jibu zima. Mimi nasema lugha. Historia utaisoma hata umelala kitandani, lakini vitenzi vya Kiarabu bila mwalimu wa kukukosoa vitakutoa jasho.

Kalamu_Mbili
Samahani dada. Nilipitia madrasa, kwa hiyo ndiyo, nasoma chenye harakati. Kazi ni ualimu au utafiti, sijatulia. Ada kuna mtu.

Tumbili_Mstaafu
Chukua ya pili. Watu wa lugha wanakuchambulia sentensi mpaka inalia, lakini waulize kwa nini Saadia Gaon, rabi wa karne ya 10, aliifasiri Torati kwa Kiarabu, wanakutolea macho. Maimonides, Myahudi mwingine, naye aliandika falsafa yake kwa Kiarabu, ila kwa herufi za Kiebrania. Hunayn ibn Ishaq, aliyefasiri vitabu vya tiba vya Galen kule Baghdad karne ya 9, alikuwa Mkristo. Kiarabu si mali ya dini moja, na hilo utalikuta kozi ya pili.

Bintimwalimu
Na wewe hayo yote uliyasoma kwa lugha gani mkuu?

Tumbili_Mstaafu
Tafsiri. Na sijafa.

Nusu_Mkate
Mimi sikufa ila nilikaribia. Nilichukua kozi kama hiyo ya pili. Miaka yote raha mustarehe, insha napata alama nzuri, kwenye mijadala mimi ndiye msemaji. Mwaka wa mwisho msimamizi wa tasnifu akanikabidhi kurasa 12 za mwanahistoria wa karne ya 14, Kiarabu kitupu, akasema nianze nazo. Nikaazima kamusi ya Hans Wehr maktaba. Neno la kwanza lililonishinda lilikuwa istikhraj. Nikalitafuta kwenye alif. Halipo. Nikadhani kamusi imechanwa kurasa, nikairudisha, nikaazima nakala nyingine. Halipo! Jioni mbili nzima. Mhudumu wa maktaba, mtu ambaye hata si mwanafunzi, akanikuta nahesabu kurasa, akaweka kidole kwenye kha: "Ondoa isti, tafuta mzizi, kh-r-j." Nilitamani ardhi inimeze. Ukurasa wa kwanza ulinichukua siku 11. Mwishowe nikabadili mada, nikaandika kuhusu wasafiri wa Kizungu. Cheti ninacho, sikitundiki.

Mzee_wa_Kamusi
Pole sana mdogo wangu, lakini hata kamusi ulikosea. Hans Wehr ni ya Kiarabu cha maandishi ya kisasa. Kwa matini ya karne ya 14 ungeshika Lisan al-Arab, ile kamusi kubwa ya kale.

Nusu_Mkate
Mzee, nisiyejua kufungua hiyo ndogo ndiyo ningeiweza Lisan?

Mpitanjia
Mnagombana bure, hakuna aliyeuliza kama kuna lahaja. Mtu anasoma fus-ha, Kiarabu sanifu, miaka minne, anafika Misri anasema "uridu" (nataka), wenzake wanasema "ayiz". Kozi isiyo na lahaja hata moja mimi siigusi.

Mzee_wa_Kamusi
Lahaja huokotwa baada ya fus-ha.

Mpitanjia
Nani kasema? Mtoto wa Kiarabu mwenyewe anaanza na lahaja. Hata sisi tumekopa midomoni mwa watu. Tunasema ishirini, hatusemi ishruna.

Mzee_wa_Kamusi
Ishrina ni fus-ha pia, ikiwa mansubu au majruri, kwa mfano ikitendwa au ikifuata kihusishi. Ila nakubali, lahaja zimebaki na hiyo moja tu.

Bintimwalimu
Kwa raha zangu: jirani. Kwa Kiarabu mmoja ni jar, jiran ni wengi. Sisi tumechukua wingi tukaufanya mtu mmoja, halafu tukamwongezea ma-.

Tumbili_Mstaafu
Mleta mada jihadhari na maneno hayo. Sarufi kwetu ni kanuni zote za lugha, kwao sarf ni maumbo ya maneno tu. Nahau kwetu ni misemo, kwao nahw ni muundo wa sentensi. Irabu kwetu ni a, e, i, o, u, kwao i'rab ni zile alama za mwisho wa neno zinazobadilika kufuata kazi yake. Wiki ya kwanza utadhani unaelewa.

Mpitanjia
Kumbe na wewe wa tafsiri unajua.

Kalamu_Mbili
Asanteni. Nimewaandikia chuo kuuliza kama wa historia anaruhusiwa kuongeza madarasa ya lugha, na kama kuna lahaja. Wamejibu nipige simu Jumatatu.

Bintimwalimu
Jumatatu ipi? Si ulisema mwisho Ijumaa?